Uuguzi wa Wazee, Mafunzo ya Juu ya (Kericho na Bomet)

Tawi la elimu ya uuguzi, la ngazi ya baada ya shahada ya kwanza, limwandaalo muuguzi kuwatazama watu waliopindukia miaka 60 katika zahanati, vituo vya afya na majumbani mwao, ili maradhi yao yajulikane kabla hayajawafikisha wodini. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, Kenya, tawi hili halijapata kusimama peke yake, bali limejibanza ndani ya uuguzi wa jamii na tiba shufaa.

Asili

Ilimu yenyewe ni changa. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, Uingereza, Daktari Marjory Warren aliwakuta wakongwe waliokuwa wameachwa vitandani bila tumaini, akaanza kuwapima mmoja mmoja na kuwainua. Mwaka 1965 muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha, katika Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, mafunzo ya muuguzi mwenye mamlaka ya kutambua maradhi na kutibu. Yalikusudiwa watoto, nayo baadaye yakawafikia wazee.

Vyuo vya nchi ya chai

Misheni ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianzishwa mwaka 1937, ikampata daktari wake wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959, na mwaka 1987 ikafungua chuo cha uuguzi ambacho sifa zake zimevuka mipaka ya Bomet. Kaplong, hospitali ya Wakatoliki, na Litein, ya Africa Inland Church, nazo hufunza wauguzi, na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya kina tawi Kericho. Mafunzo hayo aghalabu ni ya diploma, na uzazi na watoto huchukua sehemu kubwa ndani yake, jambo lisilo la ajabu katika nchi iliyozika wachanga wengi. Atakaye shahada ya uzamili aghalabu hufunga safari ya mbali, kama ya Eldoret au Nairobi, na mara nyingi hurudi kutoka huko akiwa bingwa wa mambo mengine.

Hata hivyo saratani ya umio, iliyo nyingi kupita kiasi katika nyanda hizi na ambayo huwapata hata vijana, imewalazimisha wauguzi wa Tenwek kujifunza utunzaji wa muda mrefu kwa vitendo. Mgonjwa aliyeshindwa kumeza hata uji huwekewa umioni mrija wa waya ufungukao, apate kula tena, kisha hurudi kwake, na kazi iliyosalia, ya maumivu, lishe na faraja, huwa mikononi mwa muuguzi na jamaa.

Kazi yenyewe

Muuguzi wa daraja hii huamkia kwanza, “Kogo,” kama Wakipsigis wamwitavyo bibi, naye bibi hufungua pindo la leso na kumwaga vidonge kitandani: vya presha kutoka hospitali, vya presha tena kutoka duka la dawa, na vya magoti vichomavyo tumbo. Kuvitenganisha, na kujua ni kipi kimtiacho kizunguzungu, ndiko kuhitimu kwenyewe. Kadhalika kumwomba ainuke kitini bila kushika kitu, aende hatua chache na kurejea, huku saa ikitazamwa.

Kampuni za chai

Kampuni kubwa, zilizoingia Kericho katika miaka ya 1920, ziliwajengea wafanyakazi nyumba, zahanati na hospitali. Mchumaji aliyebeba kikapu mgongoni miaka na miaka, katika baridi ya alfajiri, hupata tiba hiyo maadamu yu kazini. Akistaafu hukabidhi nyumba, akarejea kwao Kisii au Kakamega na maumivu yake ya kiuno, na muuguzi aliyezijua habari zake akabaki Kericho.

Hali ya sasa

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inawapa haki ya kutunzwa na jamaa na serikali, na walioandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi.