Banda Langu, Kiwanja cha Mwenyewe

Muulize mzee yeyote wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, nyumba hii ya nani. Atakwambia, yangu. Sasa muulize, na kiwanja je? Hapo atanyamaza kidogo, atajiweka sawa juu ya baraza, kisha ataanza hadithi ndefu ambayo hukuikusudia. Mimi hadithi hiyo nimeisikia kwa bibi yangu mzaa mama tangu niko skuli ya msingi, na kila nikisikia watu wanabishana juu ya mahoteli na watalii naona wanaanzia katikati. Wanaanzia 1985, au 2000 pale UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Ugomvi huu ni mkongwe kuliko hapo, na wala haukuzaliwa kwenye milango ya nakshi. Umezaliwa ng'ambo ya maji.

Nasema maji kwa kuwa maji yalikuwepo. Kijana anayeshuka daladala Darajani leo huenda hajajiuliza hilo daraja liko wapi. Zamani mkono wa bahari uliingia ndani, ukaikata rasi ya Shangani na nchi kavu, na watu wakavuka kwa daraja. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo mpaka kipande cha mwisho kikamalizika mwaka 1957. Upande wa bandari ndio penye majumba ya mawe, ya Waarabu na Wahindi wenye nacho, japo na humo mlikuwa na vibanda. Upande wa pili, Ng'ambo, ni nyumba za miti na udongo, paa la makuti: mafundi, wapagazi, vibarua, Wangazija, wavuvi, na watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897.

Sasa tizama mpango wao wa ardhi. Kiwanja kilikuwa cha tajiri wa mjini, au cha wakf. Mtu akija kuomba pahala, anapewa, anajenga. Banda ni lake kabisa: anaweza kuliuza, kuliweka rehani, akifa warithi wanagawana. Kiwanja kinabaki cha mwenyewe. Kwa muda mrefu wenye viwanja hawakudai kikubwa, na wengine hawakudai kitu. Si kwa ukarimu mtupu, tusidanganyane. Tajiri wa zama zile alihitaji watu: wa kumshangilia kwenye harusi, wa kumzika, wa kumwita bwana. Watu ndio waliokuwa utajiri, na udongo wa Ng'ambo ulikuwa pahala pa kuwaweka.

Mambo yakageuka katika miaka ya 1920. Mji ulikuwa umejaa, kiwanja kikawa na bei, na wenyewe wakagundua kwamba kodi ina faida kuliko kushangiliwa. Kodi zikapanda. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo wakagoma, wanawake kwa wanaume. Hoja yao naiona nzito hata leo: banda nimejenga mimi, mtaa tumeujaza sisi, thamani ya udongo huu imeletwa na miguu yetu, iweje nilipishwe kwa hiyo thamani? Waliokataa kulipa wakapelekwa mahakamani, wengine wakafungwa. Umati ukaenda gerezani, ukawatoa kwa nguvu. Serikali ya Waingereza, ambayo hapo mwanzo iliona ni deni dogo dogo tu, ilibidi itunge sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Babu yake mama yangu alikuwa kijana wakati huo. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema alikwenda gerezani siku ile au hakwenda. Bibi anasema alikuwa akiulizwa anacheka tu.

Basi ndio hapo ilipo siri ya mji wetu. Huku kwetu nyumba na ardhi vilikuwa vitu viwili, na ukitaka kujua nani mwenye nguvu usiangalie anayelala ndani, angalia nani anaweza kumwambia ondoka.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalilijibu swali hilo kwa neno moja: Serikali. Ardhi yote ikawa ya umma, mashamba yakagawiwa eka tatu tatu, na majumba mengi ya mawe yaliyoachwa na waliokimbia au kunyang'anywa yakawa ya Serikali. Ng'ambo, vibanda vikabomolewa ili yajengwe maghorofa, kwanza Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, kisha yale marefu ya Michenzani. Na ndani ya mji wa mawe wakaingizwa watu wa Ng'ambo, wa mashamba na wa Pemba. Bibi yangu alikuwa na miaka ishirini, mke wa mtu mpya. Walipewa chumba kimoja ghorofa ya pili katika nyumba ya mtaa wa Kiponda. Anakumbuka kwamba usiku wa kwanza hakulala, kwa jinsi dari ilivyokuwa juu.

Kodi ilikuwa ndogo, na hapa lazima niseme ukweli usiopendeza. Kodi ile haikutosha hata kupakia chokaa. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ni nyumba zinazotaka kuhudumiwa kila mwaka kama mgonjwa. Mfereji wa paa ukiziba msimu mmoja, maji yanaingia ukutani, boriti inaoza kwenye kichwa chake pale ilipojificha ndani ya jiwe ambapo huioni, na siku moja sakafu inashuka. Wapangaji kumi, kila mmoja anasema hii ni nyumba ya Serikali. Serikali inasema haina fedha. Majumba yakaanza kuanguka, na palipoanguka jumba pakawa kichuguu cha mawe na mpapai umeota juu. Anayesema watalii ndio walioharibu Mji Mkongwe hakuuona mwaka 1980.

Kilichofungua mlango ni karafuu. Indonesia ndiyo iliyokuwa ikinunua karafuu yetu kwa ajili ya sigara zake. Katika miaka ya 1980 ikawa imeshapanda ya kwake ya kutosha, bei ikaporomoka, na hazina ya Zanzibar ikabaki inatafuta mti mwingine. Mti huo ukawa mtalii. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, mwaka uliofuata ikaja sheria ya vitega uchumi, na majumba ya Serikali yakaanza kuuzwa na kukodishwa kwa masharti kwamba mnunuzi ayatengeneze. Wengine wakayatengeneza vizuri, si haba. Wengine wakapaka saruji juu ya chokaa, kitu ambacho fundi yeyote wa zamani angekwambia ni sawa na kumziba mtu pua, kwa sababu ukuta wa chokaa hupumua na saruji haupumui.

Na hapa kuna jambo dogo la ufundi lililoamua mengi. Boriti ya mkoko ni fupi, kwa hiyo vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba na virefu, upana wa hatua chache tu. Chumba cha namna hiyo ni taabu kwa familia ya watu saba, lakini kwa hoteli ni kama kilikatwa kwa kusudi: unaweka kitanda cha Kizanzibari upande huu, bafu upande ule, chandarua katikati, basi. Nyumba iliyokaa familia kumi inatoa vyumba kumi. Familia kumi zikilipa Serikali kodi yao ya mwezi, zote kwa pamoja hazifikii alichotoa mgeni mmoja kwa usiku mmoja. Mtu akishaipiga hesabu hiyo mara moja haisahau. Na yale mabafu kumi mapya yanatia maji kwenye kuta ambazo hazikujengewa mabafu, lakini hilo ni deni la mwaka mwingine.

Nyumba ya Kiponda iliuzwa mwaka 2004. Sitamtaja aliyenunua, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akavua viatu, akaongea na kila mpangaji, akatoa fedha ya kuhamia. Bibi alipokea. Alinunua kiwanja Mwera, kwa karatasi ya mkono iliyotiwa saini na sheha, akaanza kujenga tofali moja moja. Wenziwe wakaenda Fuoni, Bububu, Chukwani. Mtaa wa Kiponda haukufukuzwa na mtu kwa bakora. Ulinunuliwa chumba kwa chumba, na kila aliyeuza alikuwa na sababu yake: mtoto wa kusomesha, mgonjwa, dari inayovuja.

Lakini mtaa si vyumba tu. Bibi alikuwa akikaanga visheti na kuuza barazani. Wateja wake walikuwa watoto wa chuo cha Kurani, wachukuzi wa Darajani, na wanawake wa nyumba za jirani walioshusha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Walipohama hao, hata kama yeye angebaki angemuuzia nani? Duka la mkaa likawa duka la tingatinga. Kinyozi akawa wakala wa safari za Prison Island. Vijana wasio na kazi wakawa papasi, wanamwandama mzungu toka bandarini. Nenda Mwera uone: kutoka huko ndiko wapishi na watandika vitanda wa mahoteli ya mjini wanakopanda daladala alfajiri, na nauli inatoka katika mshahara wao. Wanakwenda kufanya kazi katika mitaa waliyozaliwa.

Utalii sasa ni zaidi ya robo ya pato la Zanzibar. Mwaka 2019 wageni walipita 500,000. Mwaka 2024 walipita 700,000. Katikati yake ulikuwepo mwaka 2020, korona ikafunga viwanja vya ndege vya dunia na wageni wakapungua kwa nusu. Nilipita Kiponda Aprili ile. Mlango baada ya mlango umefungwa kwa kufuli, hakuna kikapu kinachoshuka, hakuna mtoto. Paka tu. Katika mtaa wenye wenyewe, watu wangekuwa ndani wamejifungia na ungesikia redio. Siku ya Krismasi mwaka huohuo, kipande kikubwa cha Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, kikaanguka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili.

Siku hizi hadithi imehamia nje ya mji, Fumba na pwani ya mashariki, ambako fleti zinauzwa kwa dola kabla hazijajengwa. Mgeni akiweka kiasi kisichopungua dola 100,000 katika mradi ulioidhinishwa anapata na kibali cha kuishi. Nilimweleza bibi: ardhi bado ni ya umma, sheria ya 1992 inasema hivyo wazi, mgeni ananunua kilichojengwa juu yake na kupewa haki ya kukaa kwa miaka mingi.

"Kumbe," akasema, "banda lake, kiwanja cha mwenyewe."

Nikamwambia ndiyo, isipokuwa huyu ana wakili.

Mwaka jana alinitaka nimpeleke mjini kwa daktari, na tukarudi kwa njia ya Kiponda. Akasimama mbele ya nyumba, akahesabu madirisha kwa kidole mpaka akalifikia lake. Kijana wa mapokezi alikuwa muungwana, akamwamkia shikamoo, akamletea kiti na maji. Bibi akamuuliza kile chumba kinakodishwa kiasi gani kwa usiku. Yule kijana akataja kwa dola, nami nikamgeuzia kwa shilingi.

"Wanalala wangapi?"

"Wawili, bibi. Ukiongeza kitanda, watatu."

Akanywa maji yake, akamrudishia gilasi, akauliza kama mfereji wa paa la nyuma bado unaziba wakati wa masika. Yule kijana akasema unaziba. Akamwambia aangalie kwenye kona ya kusini, ndiko majani ya mwembe wa jirani yanakojikusanya. Kijana akasema huo mwembe haupo tena.