Ngiri ya kifuani

Buxton, kama Mombasa nzima, neno "kifua" lina kazi nyingi. Mtoto akikohoa, ana kifua. Akipumua kwa tabu, kifua chambana. Na asiyeweza kutunza siri hana kifua. Ngiri nayo watu huijua kama maradhi ya wanaume wazima, ya kutajwa kwa sauti ya chini barazani. (Mnyama mwenye jina hilo hahusiki.) Basi daktari akimwambia mama kwamba mwanawe aliyezaliwa jana ana ngiri kifuani, atadhaniwa amekosea.

Hajakosea. Kati ya kifua na tumbo pana kiwambo, msuli mpana ulioitwa hivyo kutokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo kwenye ngoma. Kisipofungika mimba ikiwa changa, matumbo hupanda kifuani na pafu hukosa nafasi ya kukua. Ngiri hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Altrasaundi yaweza kuiona mtoto angali tumboni. Akishazaliwa, eksirei huonyesha utumbo mahali pa pafu. Kwanza mtoto husaidiwa kupumua, kisha mpasuaji hurudisha matumbo chini na kushona kiwambo.

Kuliko "ngiri ya kifuani", mimi napendelea "ngiri ya kiwambo", maana yataja palipo tundu. Lakini kwa jina lolote, mtoto mchanga anayehema, tumbo limebonyea na midomo imegeuka buluu, si wa kukandwa mafuta nyumbani. Hospitali ya Coast General haiko mbali na Buxton: mkimbizeni.