Nguvu ya Sauti na Umiliki Wake: Historia ya Amplifaya ya Nyumbani katika Mikoa ya Mbeya na Iringa

Utangulizi

Historia ya muziki nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa upande wa wanaoutoa: bendi, watunzi, waimbaji na studio. Upande wa wasikilizaji, hasa vifaa vinavyoufikisha muziki masikioni mwao, umepewa nafasi ndogo. Makala haya yanachunguza kifaa kimoja cha aina hiyo, yaani amplifaya ya stirio yenye nguvu kubwa kwa matumizi ya nyumbani, katika mikoa ya Mbeya na Iringa kuanzia miaka ya 1950 hadi 2015. Kifaa hicho ni kisanduku kimoja kinachounganisha kazi mbili: kuchagua na kurekebisha mawimbi madogo ya umeme yanayotoka kwenye santuri, kaseti au redio, kisha kuyaongezea nguvu hadi yaweze kusukuma spika mbili.

Maelezo ya haraka yanaweza kudai kwamba kifaa hiki kilichelewa kuenea kwa sababu ya umaskini, au kwa sababu wenyeji walipendelea kusikiliza muziki kwa pamoja kwenye kumbi za dansi. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba maelezo hayo hayatoshelezi. Amplifaya ya nyumbani ilihitaji mambo matatu: umeme wa kutosha, fedha za kigeni na chanzo cha sauti ya stirio. Kwa takriban miongo miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, upatikanaji wa mambo yote matatu ulitegemea zaidi maamuzi ya dola. Kwa hiyo sauti kubwa ilikuwa mali ya taasisi, na nyumbani ilibaki sauti ndogo ya betri.

Umeme na kipimo cha sauti

Tofauti kati ya redio ya betri na amplifaya ya umeme inaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Redio yenye betri nne za tochi, yaani volti 6, ikisukuma spika ya omu 8 kwa mzunguko wa kawaida, haiwezi kutoa zaidi ya wati 0.6 hivi. Betri ya gari ya volti 12, ikisukuma spika ya omu 4 kwa mzunguko kama huo, hutoa takriban wati 4.5. Amplifaya ya wati 100 kwa kila upande, kwa spika ya omu 8, huhitaji kilele cha volti 40, na ikifanya kazi kwa nguvu kamili kwa pande zote mbili hutumia zaidi ya wati 300 za umeme. Kifaa cha aina hii hakiwezi kuendeshwa kwa betri za dukani. Ni lazima pawepo na waya wa umeme.

Waya huo ulifika Nyanda za Juu Kusini kwa hatua. Wakati wa ukoloni Iringa ilinufaika na mtambo mdogo wa maji wa Tosamaganga, wa takriban megawati 1.2, na Mbeya ikawa na mtambo wa Mbalizi, wa takriban megawati 0.34, pamoja na jenereta za dizeli. Ili kuuelewa ufinyu huo, ifikiriwe kwamba umeme wote wa Mbalizi ungetosha kuendesha amplifaya zipatazo elfu moja tu kwa nguvu kamili, pasipo kubaki taa hata moja. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya bwawa la Kidatu kuanza kuzalisha umeme mwaka 1975, na hasa baada ya njia ya kilovolti 220 kupitia Iringa na Mufindi kufika Mbeya katikati ya miaka ya 1980. Mtera, yenye megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Hata hivyo, nyaya hizo kubwa zilipita juu ya vijiji vingi bila kuviwashia taa. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na hadi wakati huo kijiji cha kawaida cha mikoa hii kilikuwa bado kinasikiliza kwa betri.

Fedha za kigeni na biashara ya taifa

Jambo la pili lilikuwa uagizaji. Baada ya 1967 biashara ya nje iliwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, na katika miaka ya 1970 usambazaji wa bidhaa mikoani ukakabidhiwa Kampuni za Biashara za Mikoa, zilizojulikana kwa kifupi kama RTC. Fedha za kigeni ziligawanywa kwa vipaumbele: mafuta, mashine, dawa na vipuri. Katika mpangilio huo redio ilihesabiwa kuwa chombo cha elimu na siasa. Kampuni ya Matsushita ilianza kutengeneza redio na betri Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na jina la National likawa la kawaida katika nyumba nyingi nchini. Amplifaya ya stirio haikuwa na hoja ya aina hiyo ya kuitetea. Ilihesabiwa kuwa anasa.

Mambo yalizidi kuwa magumu baada ya 1977. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kulifuatiwa na kufungwa kwa mpaka wa Kenya hadi 1983, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta, vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyowalenga walanguzi na walimbikizaji wa bidhaa. Katika mazingira hayo, kumiliki kifaa cha kigeni kinachosikika mtaa mzima hakukuwa salama kwa mtu asiye na stakabadhi.

Mikoa ya Mbeya na Iringa ilikuwa na nafasi ya pekee katika hali hiyo. Barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, ziliipa njia ya kuelekea kusini kupitia Tunduma, wakati huo ikiwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Njia hiyo haikuondoa uhaba, lakini ilifanya bidhaa za nje zisitegemee bandari ya Dar es Salaam peke yake.

Chanzo cha sauti

Jambo la tatu husahaulika kwa urahisi. Stirio ni sauti ya njia mbili, na haina maana pasipo chanzo chenye njia mbili. Hadi Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Mawimbi yake ya kati na mafupi yalibeba sauti ya njia moja na kupunguza sehemu kubwa ya sauti za juu. Kuisikiliza redio hiyo kwa amplifaya ya wati 100 kungeongeza ukubwa wa sauti bila kuongeza uwazi wake. Santuri zilitegemea kwa kiasi kikubwa viwanda vya Nairobi, na mpaka ulipofungwa chanzo hicho nacho kikawa haba. Kaseti ndiyo iliyoziba pengo, kwa kuwa iliweza kunakiliwa na fundi yeyote mwenye deki mbili.

Sauti kubwa kama mali ya taasisi

Kutokana na vizuizi hivyo, amplifaya zenye nguvu zilikuwa zaidi katika bendi, kumbi, makanisa na ofisi za umma. Mfano mashuhuri wa Iringa ni Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyovuma katika miaka ya 1980 na kuwahi kuwa na waimbaji pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za mashirika, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Neno "vyombo" lilijumuisha magitaa, ngoma, amplifaya na spika, na aliyevimiliki ndiye aliyekuwa na uamuzi juu ya bendi. Mwanamuziki aliyeondoka aliondoka na sauti yake ya kooni tu.

Hapa ndipo hoja ya kupendelea usikilizaji wa pamoja inapopungua nguvu. Watu walikusanyika ukumbini kwa sababu walipenda dansi, lakini pia kwa sababu ukumbi ulikuwa miongoni mwa mahali pachache palipokuwa na sauti kamili. Mazoea na uhaba vilitembea pamoja, na mtafiti anayeyaona mazoea peke yake huugeuza uhaba kuwa utamaduni.

Kuhamia nyumbani

Bajeti ya 1984, iliyowasilishwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kuanzia 1994 redio binafsi zilianza kurusha matangazo ya FM, na baadaye Iringa ikapata Ebony FM na Mbeya ikapata Bomba FM. Kwa hiyo ndani ya takriban miaka kumi umeme, uagizaji na chanzo cha sauti vyote vilifunguka.

Kilichoenea zaidi, hata hivyo, hakikuwa amplifaya ya stirio ya aina iliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1970. Ilikuwa sabufa: spika ya sauti nzito yenye amplifaya ndani yake, pamoja na spika ndogo za pembeni. Maboksi yake yaliandikwa maelfu ya wati kwa vipimo vya kilele vya kibiashara. Marekani ilikuwa imedhibiti matangazo ya namna hiyo kwa kanuni ya mwaka 1974, iliyomtaka mtengenezaji aeleze nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Mnunuzi wa Mbeya au Iringa alibaki kutegemea sikio lake na ushauri wa fundi.

Uhuru huo ulizaa mgogoro mpya. Nguvu iliyokuwa chini ya taasisi sasa ilikuwa katika kila mtaa, na ujirani ukaanza kudai mipaka. Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilirudisha mkono wa dola kwa namna nyingine. Zamani dola iliamua nani apate kifaa. Sasa iliamua kifungulie hadi wapi na saa ngapi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya amplifaya ya nyumbani katika Mbeya na Iringa ni historia ya umiliki kabla ya kuwa historia ya ladha. Umeme, fedha za kigeni na mawimbi ya redio vilipangwa kitaifa, na mpangilio huo ndio ulioamua ni nani angesikia muziki kwa ukamilifu na wapi. Kwa watafiti wa muziki wa dansi, matokeo haya yana uzito wa moja kwa moja: maelezo yoyote kuhusu kushuka kwa bendi za mashirika katika miaka ya 1990 yanapaswa kuhesabu, pamoja na kuyumba kwa mashirika yenyewe, ukweli kwamba sauti kubwa haikuwa tena jambo ambalo msikilizaji alilazimika kulifuata ukumbini.