Freretown: Kisauni Ilipopewa Majina Mapya

Juni 1873, manowari za Uingereza zikiwa zimemkalia kooni, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Aliyekuja mapema mwaka huo kumshinikiza, Sir Bartle Frere, aliwahi kuwa gavana wa Bombay, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Miaka mingi kabla ya mkataba, meli za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa Bara Hindi. Kati yao wapo waliolelewa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) huko Sharanpur, karibu na Nasik, wakafundishwa useremala, uhunzi, Biblia na Kiingereza. William Salter Price, aliyewahi kuyasimamia makao hayo, alifika Mombasa mwishoni mwa 1874. CMS ikapata ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mwaka uliofuata kukawa na mji. Ukaitwa kwa jina la Frere.

Siku hizi utandawazi ukitajwa, watu huwaza simu, tamthilia za Kituruki na marobota ya mitumba ya Kongowea. Kwa Kisauni habari hii ni ya kale. Wala sisemi ya kale kwa maana ya kuchanganyika tu, kwani bandari gani isiyochanganya watu? Upekee wa Freretown ni kwamba wakazi wake walipangiwa na wageni karibu kila kitu: jina, dini, kazi, nyumba, hata saa ya kuamka. Kisha wakavichukua vitu hivyo wakavifanyia watakavyo wao.

Chukua mfano wa Chengwimbe. Alizaliwa Myao, akauzwa mtoto, akaokolewa baharini, na kutoka Nasik akawa Matthew Wellington. Alikuwa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa David Livingstone hadi pwani, kisha akaishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935. Wenzake William Jones na Ishmael Semler, nao vijana wa Nasik, walipewa daraja la ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Wenyeji waliokutana na watu hawa walikutana na Waafrika waliovaa suruali, waliolijua soko la Bombay na waliokuwa wakisoma magazeti ya Kiingereza. Mombasa ya wakati huo ilijua kumpanga mtu, huyu muungwana na yule mtumwa. Hawa haikujua iwaweke wapi.

Waliofuata baada ya hawa wa Nasik, wale walioshushwa moja kwa moja kutoka melini, walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na hapo wamisionari hawakuwa na la kuamua sana. Katika mengine waliamua, tena kwa mkono mzito: msimamizi wa mji, Streeter, alilaumiwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa kuwachapa viboko watu wale wale walioambiwa kwamba wako huru. Wakati huo huo watoro wa mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, kituo kingine cha CMS, na Freretown, na mabwana zao wakija juu. Kengele ya mji, pamoja na kuita watu kazini na kanisani, ilikusudiwa kutoa ilani wavamizi wakionekana. Haikuwa hofu ya bure. Mwaka 1880 Freretown ilikaribia kushambuliwa. Mzozo huo ulipozwa kwa fedha: Januari 1889, kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa) iliwalipa fidia mabwana, na watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru kule Rabai.

Kengele ingali ipo chini ya tao lake, kando ya barabara kuu ukishavuka daraja la Nyali. Makanga huliita jina la Kengeleni siku nzima, bodaboda wamejaa kivulini, na sidhani abiria mmoja kati ya kumi ana habari ililia kwa sababu gani.

Kwangu mimi, sehemu tamu zaidi ya historia hii ni muziki. Vijana wa misheni walifundishwa tarumbeta na ngoma za kijeshi ili wamsifu Mungu na kuwapokea wakubwa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, anazihesabu bendi hizo miongoni mwa vyanzo vya beni, ngoma ya mashindano iliyoenea kutoka pwani hadi maziwa makuu, ikiwa na majenerali wake wa kujitungia na gwaride lenye kejeli ndani yake. Wamisionari hawakuipenda hata kidogo.

Kalamu nayo ilishikwa. James Juma Mbotela wa Freretown alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu kinachotajwa mara kwa mara miongoni mwa hadithi ndefu za mwanzo za Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika wa Afrika Mashariki. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwashukuru mno Waingereza, na wana haki. Lakini ni nani mwingine aliyekuwa ameandika safari ya utumwa kwa Kiswahili akiwa mtoto wa aliyeipitia? Mtu wa ukoo huo huo, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliiuliza Kenya nzima redioni tangu 1966 kama jambo fulani ni la kiungwana.

Daraja la Nyali la kuelea la 1931 na jipya la 1980 yaliifungulia Kisauni milango, zikaja hoteli za ufuoni na wafanyakazi wao kutoka bara. Miaka ya 1990 Utange ikapokea wakimbizi wa Somalia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 katika Kisauni ya leo, ambayo Freretown yenyewe si sehemu yake tena. Mipaka mipya iliiweka Nyali. Kutoka Mlaleo na Mishomoroni, mabinti sasa hupanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani Riyadh na Doha, na wapo ambao pasipoti zao hukaa kabatini kwa mwajiri.

Nyaraka za CMS, zikiwamo barua na taarifa za Freretown, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mjukuu wa Kisauni anayetaka kuzishika kwa mikono yake aanze kwa kuomba viza.