Kalamu za Unix

Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti. Sasa kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe huweza kuamrisha kompyuta iliyo ng'ambo, na nyingi za namna hiyo huendeshwa kwa Linux, jamaa ya Unix. Mara nyingi humo hamna picha za kubonyeza, ila maandishi matupu. Basi mwanafunzi huhitaji kalamu, yaani programu ya kuhariri maandishi. Wengine hushika iliyo ngumu, wakashindwa, wakadhani akili zao ni pungufu. Historia yaikanusha dhana hiyo.

Unix ilizaliwa Marekani mwaka 1969, katika Maabara ya Bell. Watumiaji wake wa kwanza hawakuwa na kioo. Walitumia mashine mfano wa taipureta, iliyopiga majibu polepole juu ya karatasi. Kwa hiyo Ken Thompson aliifanya kalamu yake, ed, iwe ya maneno machache: mtu akikosea, hujibiwa kwa alama ya kuuliza tu.

Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliunda kalamu iliyokuja kuitwa vi. Kioo alikuwa nacho, lakini waya wa simu ulikwenda mwendo wa kobe, na kibodi yake haikuwa na vitufe vya mishale peke yake. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Ndiyo sababu katika vi herufi ile ile mara huwa amri, mara huwa maandishi.

Baadaye Chuo Kikuu cha Washington kilitoa Pico, kalamu nyepesi, lakini haikuwa huru kwa kila mtu kuibadili na kuisambaza. Hivyo mwaka 1999 Chris Allegretta aliandika iliyo huru, nayo ikaitwa nano tangu mwaka 2000. Nano huonyesha amri zake chini ya kioo, kama mwenyeji amwonyeshaye mgeni njia ya kivuko cha Likoni.

Je, vi itupwe? La, kwani hupatikana karibu katika kila mtambo wa Unix, hata pasipo na nano. Mwanafunzi na aanze kwa nano, kisha ajifunze vi taratibu, akijua kwamba ugumu wake ulitokana na mitambo ya zamani, si upungufu wa akili yake. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.