Ramani za Wanachama wa Vikundi vya Wapenzi wa Magari
Ramani ya wanachama ni ramani ya mtandaoni inayoonesha wanakoishi wapenzi wa magari wa kikundi kimoja, ili waweze kukutana, kutafutiana vipuri na kusaidiana gari linapoharibika safarini. Hata hivyo, alama iliyowekwa juu ya nyumba humwonesha mwizi pia mahali gari linapolala.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa madhumuni mahususi na zisizidi mahitaji yake. Kukutana hakuhitaji mahali halisi pa nyumba: latitudo na longitudo zenye nafasi 2 za desimali hubainisha eneo kwa takriban kilomita 1; zenye nafasi 5, kwa takriban mita 1. Wananchi wanashauriwa kuweka alama katikati ya kata.