Mifupa ya Shingo Ikionekana Tu, Tayari "Anaumwa": Stori Hii Ilianzia Wapi?

Staa wa kike akiposti picha kavaa gauni la mabega wazi, mifupa ya chini ya shingo imejichora, komenti hazichelewi. Wa kwanza anaandika "kula dada". Wa pili anasema mapenzi yanamtesa. Wa tatu haandiki kitu, anaweka emoji ya macho tu, na wote wanaelewa anamaanisha nini. Staa huyohuyo akiongezeka kilo kidogo baada ya miezi sita, anaambiwa kajiachia. Hakuna anayeuliza ana urefu gani, ana kilo ngapi, au kama alikuwa hivyohivyo tangu yuko form two.

Ile mifupa miwili inayolala kati ya shingo na mabega inaitwa mitulinga. Kila binadamu anayo. Kwa wengine inaonekana hata wakiwa na uzito mzuri kabisa, kwa sababu mafuta ya mwili hayagawanywi sawa: kuna mwanamke mafuta yake yote yanakwenda kwenye nyonga na mapaja, juu anabaki mkavu. Mwingine kifua na mabega vinajaa, miguu inabaki kama ya korongo. Umbo la mabega nalo mtu anarithi. Kwa hiyo picha ya mtulinga peke yake haisemi mengi. Swali ni kwa nini watu wanaisoma kama cheti cha hospitali.

Jibu lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea mkoa mmoja wa Tanzania: Kagera.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa kwenye safari zake za kutafuta chanzo cha mto Nile, alifika ufalme wa Karagwe, ambao leo ni sehemu ya Kagera. Mfalme Rumanika alimpokea vizuri. Kilichomwacha mgeni mdomo wazi ni wanawake wa ukoo wa kifalme. Walikuwa wananeneshwa kwa maziwa mpaka wengine hawawezi kusimama wenyewe. Speke akaomba ampime shemeji mmoja wa mfalme. Mkono wa juu ulizunguka karibu sentimita 58. Kifua, sentimita 132 hivi. Pembeni alikaa binti wa huyo mama, miaka 16, anakunywa maziwa kwenye chombo huku baba yake kashika fimbo, asije akaacha.

Kwa watu wale ilikuwa na maana yake. Maziwa mengi maana yake ng'ombe wengi, na mke mnene alikuwa tangazo la utajiri wa mume. Mifupa kuonekana ilikuwa dalili ya njaa na kazi ngumu. Ila ile fimbo isisahaulike. Yule binti hakuulizwa anataka kuwa na mwili gani, kama ambavyo staa wa leo haulizwi.

Miaka mia moja baadaye upepo wa dunia ukageuka. London, mwaka 1966, akatokea Twiggy: miaka 16, kilo kama 41, miguu myembamba, nywele fupi kama za mvulana, na sketi juu ya magoti. Magazeti yakampa taji la sura ya mwaka. Sketi fupi ikafika mpaka Dar, na ikakuta serikali haicheki. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni ya kupiga marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi, na mashindano ya urembo nayo yakazimwa. Yalirudi mwaka 1994. Hapo ndipo vijana wa mjini walipoanza kulizoea umbo la jukwaani: mrefu, mwembamba, mabega yenye mifupa. Mtaani likaitwa figa ya kimiss, baadaye kimodo.

Lakini kati ya 1968 na 1994 kulitokea kitu kizito kuliko fasheni yoyote, na Kagera ikarudi kwenye stori.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani humo. Watu walikuwa hawajui ni nini. Bukoba waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa inaletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka, Waganda waliuita Slim, yaani wembamba. Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa huo kwenye jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza, na jina la mtaani likaingia mpaka kwenye kichwa cha habari. Ugonjwa ulipewa jina la mwili wenyewe.

Vipimo vya damu navyo vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza kutoka Marekani mwaka huohuo wa 1985, na hospitali nyingi za Afrika hazikuwa navyo. Ndiyo maana Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani lilikutana na wataalamu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakapanga jinsi ya kumtambua mgonjwa bila maabara. Moja ya dalili kubwa ilikuwa kupoteza asilimia 10 au zaidi ya uzito wa mwili. Nyingine ni kuharisha zaidi ya mwezi na homa ya zaidi ya mwezi. Mgonjwa alitakiwa awe na angalau dalili kubwa mbili pamoja na ndogo moja.

Mtaani ile hesabu ya dalili mbili na moja haikufika. Kilichofika ni kimoja tu: kukonda. Mwanamke mjane akikonda kwa msiba, kaukwaa. Dada anayenyonyesha mapacha, kakanyaga miwaya. Wengine walivaa nguo mbilimbili wajaze mwili, au gauni la kufunga mpaka shingoni hata kwenye joto la Dar. Wembamba ukawa kesi ya kujibu, na wanawake ndio waliojibu zaidi, maana mwili wao ulishakuwa mali ya macho ya watu tangu zamani.

Sasa angalia kilichobadilika. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za ARV bure. Anayezitumia vizuri anapata nguvu na uzito unarudi. Leo mtu mwenye virusi anaweza kuwa na mashavu na nyonga, na asiye navyo akawa mifupa mitupu. Yaani kile kipimo cha macho, ambacho hata mwanzoni kilikuwa cha kubahatisha, kimeshakufa kabisa. Anayeweka emoji ya macho mwaka huu anatumia vigezo vya Bangui, tena robo tu ya vigezo hivyo.

Wataalamu wao walihamia kwenye namba, na namba nazo zina vituko vyake. BMI, yaani kilo gawanya kwa urefu wa mita mara urefu huohuo, msingi wake uliwekwa na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji kwenye miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na hesabu, anatafuta mwanadamu wa wastani. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kwa Mmarekani Ancel Keys na wenzake, waliopima watu zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wote wanaume! Hesabu inayotumika leo kumwambia mwanamke yuko sawa au la, ilipitishwa bila mwanamke hata mmoja kwenye mizani.

Ile 18.5 ambayo chini yake mtu anaitwa ana uzito pungufu, ilipendekezwa mwaka 1988 na watafiti waliokuwa wanahangaika na njaa sugu kwa watu wazima wa nchi maskini. Haikutoka kwenye fasheni. Na bado ina msaada wake. Dada wa sentimita 160 anahesabiwa yuko sawa kuanzia kilo 47 na nusu hivi mpaka karibu 64. Hapo kuna tofauti ya kilo 16, na wa kilo 48 na wa kilo 63 wote wako salama kwa karatasi, ingawa mmoja mitulinga inaonekana toka mbali na mwingine haionekani.

Kukonda kupita kiasi kunaua, hilo halina ubishi. Agosti 2006 mwanamitindo wa Uruguay, miaka 22, alianguka na kufa kwenye onyesho la mavazi Montevideo. Mwezi uliofuata Madrid ikawazuia jukwaani wenye BMI chini ya 18. Novemba akafa mwingine wa Brazil, miaka 21, kilo 40 kwa urefu wa mita 1.72. BMI yake haikufika hata 14. Februari 2007 akafuata mdogo wake yule wa Uruguay, naye mwanamitindo, miaka 18. Israel ikatunga sheria mwaka 2012, na Ufaransa tangu 2017 inamtaka mwanamitindo awe na cheti cha daktari. Daktari wa Ufaransa haangalii namba pekee, anatazama afya nzima, na hapo Wafaransa wamefikiria vizuri kuliko wengi.

Maana hatari mara nyingi haiko pale macho yanapoangalia. Mwanamke wa kilo 90 akishuka mpaka 72 ndani ya miezi minne bila kufanya chochote, hana mfupa unaoonekana, tena atapigiwa makofi: "umependeza, ulitumia nini?" Amepoteza asilimia 20 ya mwili wake. Inaweza kuwa kisukari, TB, tezi ya shingo au saratani. Wakati huohuo yule wa kilo 50 toka amalize form four, anakula ugali wake vizuri na siku zake zinakuja kila mwezi, ndiye anayeambiwa akapime.

Kliniki wanachouliza ni vitu ambavyo picha haionyeshi. Uzito umeshuka kiasi gani na kwa muda gani. Ukipungua asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi mwaka bila kukusudia, unatakiwa uchunguzwe. Hedhi imekata? Nywele zinakatika? Unachoka ukipanda ngazi? Unaogopa kula, au ukila unajitapisha? Na kwa mjamzito hata BMI huwekwa pembeni, kwa sababu uzito una mtoto ndani yake. Nesi anachukua utepe, anauzungusha kwenye mkono wa juu, anasoma namba na kuiandika kwenye kadi yake.